Wasipewe kibali mbwa wasioweza kupumua: barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya mifugo Zanzibar

Mheshimiwa Waziri,



Nakuandikia kutoka Tunguu, na barua hii naiweka wazi kwa sababu jambo lenyewe halituhusu wewe na mimi peke yetu. Linawahusu vijana wetu wanaorudi kutoka ng'ambo, wawekezaji wa mahoteli ya mashariki, wenye nyumba mpya zinazojengwa kandokando ya barabara ya kwenda Jozani na Paje, na wafanyabiashara wa Dar es Salaam na Nairobi wanaouza mbwa wa kizungu kwa picha za simu. Ombi langu ni hili: Wizara yako isitoe kibali cha kuingiza Zanzibar mbwa wa pua fupi, yaani buldogi wa Kiingereza, buldogi wa Kifaransa, pagi na wa aina zao, na izuie kuzalishwa kwa wale ambao wameshaingia. Naomba lifanyike sasa, wakati mbwa hao bado wanahesabika, kabla hawajawa biashara yenye watu wa kuitetea.

Kazi yangu ya maisha ilikuwa kutibu mifugo. Ng'ombe wa maziwa, mbuzi, kuku, punda wa kokoteni. Mbwa nao walikuwemo: mbwa wa wasasi wa Kusini waliorudi porini wamechanwa na nguruwe mwitu, mbwa wa walinzi wa mashamba, mbwa wa wageni. Nimestaafu, lakini simu za majirani hazijakoma, na miaka hii ya karibuni zinaniita kwa mnyama ambaye zamani sikumwona hapa kisiwani. Ana uso bapa, mdomo mpana, ngozi yenye mikunjo, kifua kama pipa na miguu mifupi iliyoachana. Anapopumua unamsikia ukiwa bado uko getini.

Naomba nikueleze habari ya mmoja wao. Kijana wa hapa Tunguu alirudi kujenga kwao akaja na buldogi wa Kiingereza, jike jeupe lenye mabaka ya kahawia. Alimpenda kwelikweli, na nalisema hili kwa makusudi, kwa kuwa wenye mbwa kama hao huhukumiwa haraka kuwa wanajionesha tu. Ilikuwa Februari, kaskazi imekolea. Baada ya adhuhuri umeme ulikatika na kiyoyozi kikazimika. Mbwa alikuwa ndani, kivulini, juu ya sakafu ya vigae. Hakukimbia wala hakucheza. Nilipofika nilimkuta amesimama, miguu ya mbele ameitanua, shingo kainyoosha, ulimi umegeuka zambarau na mate mazito yanamning'inia. Kipimajoto kilipita nyuzi 41, wakati joto la kawaida la mbwa ni baina ya 38 na 39. Tulimmwagia maji ya kisima mwili mzima, tukampepea, tukaendelea kumwagia mpaka pumzi ikatulia. Alipona siku ile. Baadaye alipelekwa Dar kufanyiwa upasuaji wa matundu ya pua na wa kaakaa, na kwa nauli, dawa, malazi na huo upasuaji wenyewe, zikatoka fedha ambazo kijana alikuwa amezitenga kwa ajili ya kuezekea. Kaskazi iliyofuata mbwa akafa, na haikuwa hata siku ya joto la kupindukia.

Katika nyumba ile sikuona uzembe. Maji yalikuwepo, kivuli kilikuwepo, chakula kizuri kilikuwepo, na mapenzi yalikuwepo. Ubaya ulikuwa ndani ya fuvu la mnyama, na fuvu lile lilitengenezwa na binadamu kwa hiari yake.

Mheshimiwa, buldogi hakuumbwa hivi alivyo leo. Uingereza ya zamani ilikuwa na mchezo wa kumfunga fahali kigingini na kumwachia mbwa wamng'ate pua, watu wakicheka na kuwekeana dau. Mbwa wa mchezo huo alikuwa na nguvu na kasi, na bila shaka alikuwa akipumua vizuri, maana asingemudu. Mwaka 1835 Bunge lao lilipiga marufuku ukatili huo. Mbwa akakosa kazi, na hapo wapenzi wake wakamgeuza kuwa mnyama wa maonesho. Kila kizazi wakachagua wenye uso mfupi zaidi, kichwa kikubwa zaidi, ngozi iliyokunjamana zaidi, wakawapandisha ndugu kwa ndugu mpaka umbo likatulia. Mfupa wa uso ulifupishwa; nyama za ndani hazikufupishwa kwa kiasi hicho. Ni kama kuhamisha samani za nyumba ya vyumba vitano ukazisukumiza zote katika chumba kimoja: ulimi ni uleule mnene, kaakaa laini ni lilelile refu, na vyote vimebanana katika njia ambayo hewa ilipaswa kupita. Matundu ya pua yamebaki kama nyufa. Kwa wengi wao hata bomba la hewa lenyewe ni jembamba kuliko linavyotakiwa kwa mnyama wa uzito ule.

Sasa weka umbile hilo katika hali ya hewa yetu. Mtu hupoa kwa jasho la mwili mzima. Mbwa hana jasho la maana isipokuwa kidogo nyayoni. Yeye hupoa kwa kuhema, hewa ikipita juu ya ulimi na ndani ya pua na kukausha umajimaji uliopo, na ule mkauko ndio unaoondoa joto. Pua ndefu ina uwanja mpana wa kufanyia kazi hiyo. Pua bapa haina. Zaidi ya hapo, kuhema kwenyewe kunahitaji misuli, na misuli ikifanya kazi huzalisha joto. Mbwa mwenye njia nyembamba anahema kwa nguvu ili apoe, na kwa kuhema huko anazidi kupata moto. Koo linavimba, njia inazidi kuziba. Halafu kuna unyevu. Bara kwenye joto kavu, Dodoma kwa mfano, mate hukauka upesi. Kisiwani kwetu hewa imeshashiba maji ya bahari, mkauko ni wa taratibu, na joto la kaskazi la nyuzi 32 au 33 linamwelemea mnyama huyu kuliko nambari yenyewe inavyoonesha. Ndiyo maana nasema kwamba swali la buldogi hapa Unguja si sawa na swali la buldogi Ulaya. Wenzetu wa kule wana mashaka naye katika nchi ya baridi. Sisi tunamleta penye joto na unyevu mwaka mzima.

Na mashaka ya huko si ya kusikia. Royal Veterinary College ya London ilichapisha mwaka 2022 utafiti uliolinganisha buldogi wa Kiingereza 2,662 na mbwa wengine zaidi ya 22,000 waliotibiwa katika zahanati za kawaida Uingereza. Uwezekano wa buldogi kuwa na angalau ugonjwa mmoja ulikuwa mara mbili ya wenzake. Kwa uvimbe wa ngozi katika mikunjo ulikuwa mara 38; kwa tezi ya kope la tatu kuchomoza jichoni kama tunda jekundu, karibu mara 27; kwa ile kasoro ya kupumua itokanayo na ufupi wa uso, mara 19. Utafiti mwingine wa mwaka huohuo, uliotazama maisha na vifo vya mbwa nchini humo, ulikadiria kwamba buldogi wa Kiingereza anapozaliwa ana wastani wa kuishi miaka 7.4, wakati kwa mbwa wote kwa jumla ni miaka 11.2. Kuhusu joto, watafiti walikuta mwaka 2020 kwamba uwezekano wa buldogi kupatwa na kiharusi cha joto ni mara 14 ya ule wa Labrador. Hao ni mbwa wa Uingereza, Mheshimiwa, ambako watu huota jua kwa furaha likitoka.

Hata kuzaa kwao ni kwa kisu. Kichwa cha mtoto ni kikubwa, nyonga ya mama ni nyembamba. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2010 Uingereza, zaidi ya asilimia 86 ya mizao ya buldogi ilikuwa ya upasuaji. Mara nyingi hata kupandana hawawezi, mpaka mbegu ziingizwe na daktari. Katika miaka yangu yote ya kazi nimezalisha ng'ombe kwa shida, usiku, kwa taa ya chemli, na ilikuwa ajali ya nadra ambayo mfugaji aliiombea isirudi. Aina ya mnyama ambayo kwake shida hiyo ndiyo kanuni inaishi kwa kutegemea chumba cha upasuaji, na Unguja vyumba vya upasuaji wa wanyama wadogo ni vichache mno.

Hapa ndipo gharama zinapoanza kuonekana, na nataka nizieleze kwa wale ambao wameshaweka fedha mfukoni tayari kununua. Bei ya mtoto wa buldogi ni mamilioni ya shilingi, na mnunuzi hudhani hapo ameshamaliza. Bado hajaanza. Mikunjo ya uso na ile ya chini ya mkia lazima isafishwe na kukaushwa kila siku, maana unyevu wetu huozesha ngozi iliyojifunika. Ukisahau wiki moja tu kunatoka harufu na usaha, kisha dawa za fangasi na za bakteria zisizokwisha. Macho yanahitaji dawa. Nyonga huharibika mapema: kati ya buldogi waliopigwa picha za nyonga huko Marekani, zaidi ya theluthi mbili walikuwa na kasoro. Kupe wetu, wanaoambukiza homa zinazomaliza damu, hawachagui. Mbwa wa kienyeji mwenye homa ya kupe hulegea akatibiwa, buldogi mwenye homa hiyohiyo anaanza kuhema, na kuhema kunamuua kabla ya ugonjwa wenyewe. Nusukaputi, ambayo kwa mbwa mwingine ni jambo la kawaida, kwake ni hatari, kwani akiondolewa mpira wa kupumulia kabla hajazinduka vizuri koo hujifunga. Inataka daktari mzoefu, oksijeni, na mtu wa kukaa naye mpaka asimame. Pale ambapo hayo hayapo, mwenyewe anapanda boti kwenda Dar na mnyama ambaye safari ya joto ndiyo adui yake mkubwa.

Kuruka naye kwa ndege ni shida nyingine. Mwaka 2010 Wizara ya Uchukuzi ya Marekani ilitoa hesabu ya mbwa waliofia katika ndege za nchi hiyo tangu Mei 2005: walikuwa 122, kiasi cha nusu yao wa pua fupi, na 25 kati yao buldogi wa Kiingereza. Tangu hapo mashirika mengi ya ndege yamekataa kuwabeba katika sehemu ya mizigo. Nawaomba vijana wetu walioko Muscat, Dubai, London na Toronto wanaofikiria kurudi na mbwa wa aina hii walitafakari hilo: wenye ndege, ambao riziki yao ni kubeba, wanakataa fedha ili wasimbebe.

Na kuna umeme. Kiyoyozi kidogo cha chumba kikifanya kazi kwa muda wa saa kumi kinaweza kula uniti tano hadi tisa kwa siku; mtu anayenunua umeme wa Tukuza, ule wa kulipia kabla, atajipigia mwenyewe hesabu ya mwezi. Lakini tatizo kubwa zaidi ya bei ni kwamba uhai wa mnyama unakuwa umetundikwa kwenye waya. Sisi Wazanzibari tunayajua haya. Mwaka 2008 kisiwa cha Unguja kilikaa gizani takriban mwezi mzima baada ya hitilafu ya njia ya umeme unaotoka bara kupitia baharini. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, miezi ya kaskazi hasa, tulikaa tena takriban miezi mitatu. Tuliuza samaki kabla hawajaharibika, tukachota maji visimani, tukalala barazani. Ng'ombe wetu walivumilia, mbuzi wakavumilia, paka wa Mji Mkongwe wakavumilia. Mnyama asiyeweza kuvuka mchana mmoja bila umeme hakufaa kuletwa katika kisiwa kilichopitia hayo. Waya mpya wa mwaka 2013 umetusaidia sana, hilo nalikiri kwa shukrani, ila mikato ya saa mbili tatu bado ipo, na kwa buldogi saa mbili za Februari zinatosha.

Wanaonijibu husema: tunamtaka kwa ulinzi, wezi wakiona uso ule hawasogei. Uso unatisha, kweli. Lakini mwizi akiruka ukuta na kukimbia, buldogi hatamfukuza hata robo ya uwanja wa mpira. Usingizi wake wenyewe una misukosuko, maana koo hujifunga akilala na kumwamsha kutafuta pumzi. Ukitaka mlinzi Tunguu, chukua mbwa wa kienyeji. Namwita hivyo kwa heshima. Pua yake ndefu, kiuno chembamba, manyoya mafupi, masikio yasimamayo. Ameumbwa na jua hilihili na kupe hawahawa. Wasasi wa Makunduchi na Muyuni hawajapata kuhitaji mwingine wa kuwafukuzia nguruwe wanaofukua mihogo. Anabweka kivuli kikipita, anakula alichopewa, anazaa mwenyewe chini ya mwembe. Anachohitaji kutoka kwetu ni chanjo, maji, na mtu wa kumwita wake.

Hilo la chanjo linanipeleka Pemba. Mwaka 2010 kichaa cha mbwa kilikuwa kikienea kule, watu wakang'atwa, na kampeni za kuchanja mbwa kijiji kwa kijiji zikakiondoa kufikia 2014. Mwaka 2016 kikarudi, kwa kuletwa kutoka nje ya kisiwa. Chanjo zikaongezwa, na kufikia 2018 kikatoweka tena. Kazi ile ilifanywa na watu wetu na wenzao wa bara na wa nje, na ni moja ya mambo ya kujivunia katika tiba ya mifugo Afrika Mashariki. Inatufundisha mambo mawili. Kisiwa kina uwezo ambao bara haina: mlango wake ni bandari na uwanja wa ndege, na aliyesimama mlangoni anaweza kuamua nani apite. Na fedha kidogo zikielekezwa kwa mbwa wengi wa kawaida huokoa watu, wakati fedha nyingi zikimiminwa kwa mbwa mmoja aliyezaliwa mgonjwa hazimponyi hata yeye. Gharama ya upasuaji wa pua moja ingenunua chanjo za mbwa wa shehia nzima.

Kwa kuwa tuko Zanzibar, sitalipita suala la dini, na nitalisema kama muumini wa kawaida, si kama sheikh. Mbwa kwetu ana mipaka: mate yake yana hukumu yake na kuosha kwake kunajulikana, na wengi hatumweki ndani. Lakini kumweka kwa ulinzi, kwa mifugo na kwa usasi kumeruhusiwa, na sote tumefundishwa chuoni habari ya mtu aliyeteremka kisimani akamjazia maji mbwa mwenye kiu katika kiatu chake, akasamehewa kwa hilo. Mipaka hiyo haikutupa ruhusa ya kumtesa. Nawaomba maulamaa wetu watusaidie pia katika swali ambalo naona halijazungumzwa misikitini: je, kumzalisha kiumbe kwa makusudi katika umbo ambalo tunajua litamnyima pumzi, ili tu atupendeze machoni, si katika yale makemeo ya kubadilisha maumbile? Mimi nina rai yangu, ila neno hilo ni lao.

Mheshimiwa, hutakuwa wa kwanza kuchukua hatua. Uholanzi, tangu mwaka 2014, sheria inakataza kuzalisha wanyama kwa namna inayodhuru afya zao, na mwaka 2019 Serikali ikaweka kipimo kinachoeleweka na kila mtu: mbwa ambaye urefu wa pua yake haufiki theluthi moja ya urefu wa fuvu lake asizalishwe. Norway, mahakama ya Oslo ilipiga marufuku Januari 2022 uzalishaji wa buldogi wa Kiingereza na wa Cavalier King Charles. Mahakama ya rufaa mwaka huohuo iliondoa marufuku ya buldogi ikabakisha ya Cavalier, na Mahakama ya Juu ikasimama hapo mwaka 2023. Nakutajia kesi hiyo yote, pamoja na sehemu isiyoniunga mkono, ili usije ukaambiwa na wengine kwamba nimeficha. Wazalishaji wa kule walijitetea kwamba wanarekebisha kizazi kwa kizazi, wanapima pumzi za wazazi kabla ya kuwapandisha. Wana maabara, wana vitabu vya nasaba, wana madaktari waliobobea. Anayeuza watoto wa mbwa kwa simu hapa kwetu hana hata kimoja katika hivyo, na mnunuzi wake hana wa kumuuliza.

Kisheria njia iko wazi kwako. Mifugo si jambo la Muungano. Tanzania Bara ina Sheria yake ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na Zanzibar ina mamlaka yake kamili juu ya mnyama gani aingie visiwani na kwa masharti gani. Kibali cha kuingiza mnyama kinatolewa na watu wako, na mkaguzi wa mifugo anayepokea makaratasi ya chanjo bandarini Malindi au uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume ni mtumishi wako. Naomba waongezewe sharti la Uholanzi katika fomu ya kibali hicho. Kulitekeleza hakuhitaji mashine: tepu ya fundi cherahani inatosha kupima kutoka ncha ya pua hadi baina ya macho, na kutoka hapo hadi kisogoni. Asiyefika theluthi harudishwi na mzigo wa huzuni bandarini, kwa sababu picha na vipimo vinatakiwa vitumwe kabla ya kusafiri, na jibu la hapana litolewe akiwa bado kwao.

Kwa walioko tayari hapa, naomba huruma kwa wanyama na kwa wenyewe. Wasinyang'anywe, wasipigwe risasi, wasitozwe faini. Waandikishwe, wafungwe kizazi na daktari mwenye vifaa, kwa gharama iliyopunguzwa ili watu wasifiche, na wasiuzwe tena. Mwenye hoteli anayemweka buldogi ufukweni ili wageni wapige naye picha saa saba mchana aelezwe kwa upole mara ya kwanza na kwa sheria mara ya pili. Na wanunuzi wapya walindwe dhidi ya matangazo: yeyote anayeuza mbwa Zanzibar awe na leseni na atoe cheti cha daktari kinachosema wazi hali ya pumzi, macho na nyonga ya mnyama na ya wazazi wake.

Kuna jambo dogo ambalo halihitaji kanuni wala bajeti, na lingeokoa mbwa kuanzia kaskazi hii. Watumishi wetu wa mifugo wa wilaya, na hata walinzi na wafanyakazi wa ndani wanaobaki na wanyama wenye nyumba wakiwa kazini, wafundishwe huduma ya kwanza ya kiharusi cha joto. Kwanza kumpoza, ndipo kumpeleka kwa daktari. Maji ya bomba au ya kisima yamwagwe mwilini kwa wingi huku upepo ukimpiga, uwe wa feni au wa boksi la kupepea. Taulo mbichi isiachwe juu yake, maana inahifadhi joto. Maji yasisukumizwe kinywani mwa mbwa anayehangaika kuvuta hewa, yatamwingia mapafuni. Nimewaona wengi wakikimbilia garini na mnyama anayechemka, wakafika kwa daktari na maiti. Redio zetu zikitoa dakika tano za maelezo haya kila Januari zitakuwa zimefanya kazi kubwa, na watafaidika mbwa wote, hata wale wa kienyeji wanaofungwa juani na mnyororo.

Chuo Kikuu cha Taifa kiko hapa Tunguu, dakika chache kutoka ninapoandika. Nakuomba uwaalike wahadhiri wake wa kilimo na mifugo, madaktari wachache wa wanyama waliopo Unguja, wawakilishi wa masheikh, wenye mahoteli na wenye mbwa wenyewe, mkae siku moja kuitengeneza kanuni hii. Kijana niliyemtaja hapo juu ameniambia yuko tayari kuja kueleza alichopitia, pamoja na risiti zake zote. Mimi nitakuja na tepu yangu, na nikiruhusiwa nitaonesha namna ya kupima.

Wabillahi tawfiq.

Mtumishi mstaafu wa mifugo,
Tunguu, Wilaya ya Kati,
Mkoa wa Kusini Unguja